Ndege wa Kuchonga wa Pwani ya Marekani

Msomaji aliyepata kukaa pwani yetu, ama Lamu ama Bagamoyo ama Kilwa, anawajua ndege wadogo wanaokimbia juu ya mchanga maji yanapokupwa. Wengi wao twawaita vitwitwi. Na wale wakubwa, wenye mdomo mrefu uliopinda kama mundu, ni sululu. Huja kwa makundi mwezi wa Agosti na Septemba, hukaa nasi wakati wote wa kaskazi, hata ufikapo mwezi wa Aprili huenda zao. Kwao ni mbali sana kaskazini, katika nchi za baridi, ambako hutaga mayai yao katika siku zile ambazo jua halitui.

Katika ndege hao wamo watatu ambao twataka msomaji awakumbuke. Mmoja ni yule mweupe anayekimbizana na wimbi, likirudi anashuka nalo, likija anapanda. Wa pili ni yule anayepindua vijiwe na mwani kwa mdomo wake akitafuta wadudu. Wa tatu ni yule wa kijivu mwenye macho makubwa, ambaye akivaa manyoya ya kiangazi kifua chake huwa cheusi kabisa. Jamii hizo tatu ziko vile vile katika pwani ya mashariki ya Marekani. Si ndege wale wale wanaokuja kwetu, maana njia zao ni nyingine. Lakini jamii ni moja, kama ndugu wawili waliooa katika nchi mbili. Habari yetu leo ni ya ndege hao wa Marekani, na ya wenzao wa mti waliochongwa ili kuwaua.

Ndege wa pwani hana kichaka cha kujificha. Hula mahali peupe, na ulinzi wake ni wingi wa macho: mmoja akiinama kula, wengine wameinua vichwa. Kwa hiyo kundi lipitalo juu likiona wenzao wametulia chini wanakula, hufahamu kwamba mahali pale pana chakula na hapana adui, nalo hushuka. Tabia hiyo inayowaokoa ndiyo mwindaji aliyoigeuza kuwa mtego wake. Alichonga ndege wa mti, akawasimamisha mchangani, akajificha.

Ujanja huu haukuanza na Wazungu. Mwaka 1924 wataalamu waliochimba katika pango la Lovelock, katika jimbo la Nevada, walikuta bata 11 waliotengenezwa na wenyeji wa asili wa nchi ile kwa manyasi ya ziwani, wengine wamepakwa rangi na kufunikwa manyoya. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba umri wao wapata miaka 2,000. Wageni waliotoka Ulaya waliukuta ujanja huo katika nchi, wakaushika, ila wao walipenda mti kuliko manyasi.

Waliochonga hawakujiita mafundi wa sanamu. Walikuwa wavuvi wa samaki na chaza, wajenga mashua, wakulima, watu waliojua upepo na maji. Siku za baridi, kazi za nje zilipokoma, mtu aliketi karibu na jiko na kipande cha msonobari au mwerezi. Katika kisiwa cha Cobb, katika jimbo la Virginia, watu wa ukoo wa Cobb, ambao baba yao alikinunua kisiwa kile mwaka 1839, walichonga ndege wao hata kwa milingoti ya majahazi yaliyovunjika. Mtu alikata kipande chake kwa shoka ndogo, akakichonga kwa kisu, akakisugua hata kikawa laini. Mwili wa ndege ulikuwa mdogo, wa kushikwa kwa mkono mmoja, nao haukuwa na taabu.

Taabu ilikuwa mdomo. Mti laini wa mwili haufai kwa mdomo mwembamba, maana huvunjika mara ndege aangukapo. Na ndege hawa walitupwa vikapuni, wakakanyagwa, wakabebwa usiku gizani. Basi mdomo ulichongwa mbali kwa mti mgumu, ukatiwa katika tundu la kichwa. Mafundi wengine walitoboa kichwa toka mbele hata nyuma, wakapitisha mdomo wote, wakaukaza kisogoni. Wengine walipigilia msumari tu, wakaona yatosha. Hata hivyo ndege wengi wa kale walioonekana baadaye wamekatika midomo, au wana midomo mipya iliyotiwa na watu wengine.

Macho yalikuwa vichwa vya misumari, au vioo, au tone la rangi. Tumboni palitobolewa tundu, na ndani yake kikatiwa kijiti, ndege apate kusimama mchangani kwa mguu mmoja. Wala mguu mmoja haukuwa kosa, maana ndege hao wanapopumzika ndivyo wasimamavyo. Kwa kuwa mwindaji alihitaji dazani mbili tatu, na mzigo ni mzigo, wengine waliwakata kwa ubao mwembamba tu, kama kivuli cha ndege. Kisha ikaja biashara: mwaka 1874 watu wawili wa Boston walipata hati ya serikali ya kuwa wao ndio waliobuni ndege wa bati wanaokunjuka, waliofungwa dazani moja katika kisanduku. Na baadaye, toka mwaka 1896 hata 1924, kiwanda cha Mason katika mji wa Detroit kilitengeneza ndege wa mti na kuwauza katika nchi nzima.

Sasa tueleze jinsi walivyotumika. Kabla ya mapambazuko mwindaji alikwenda ufuoni au penye matope ya kinamasi, akasimamisha ndege wake, wengi wao wakielekea upepo, kwa kuwa ndege halisi hawapendi upepo uwapindue manyoya. Wachache aliwainamisha kama wanaokula. Yeye mwenyewe aliingia katika shimo alilochimba mchangani, au nyuma ya majani ya bahari aliyoyarundika. Mdomoni alikuwa na filimbi ndogo ya bati, naye aliijua sauti ya kila jamii. Kundi likipita mbali, aliliita; nalo likisikia sauti na kuona wenzao wametulia, liligeuka, likashusha miguu, likaja kutua. Alingoja hata waliposongamana, ndipo akapiga.

Jambo moja katika habari hii latusikitisha kuliko mengine. Jamii kadha za ndege hao haziachi majeruhi wao. Wakipigwa, waliosalia huruka, lakini wakisikia kilio cha aliyeanguka hurudi, wakazunguka juu yake. Na mwindaji aliyekwisha kushindilia bunduki tena huwapiga mara ya pili, na ya tatu. Zamani za gobore walipata nafasi ya kukimbia, kwa kuwa kushindilia baruti na marisau kwa mdomo wa bunduki huchukua muda. Bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma zilipoenea, nafasi ile ikaisha.

Tena marisau hayachagui. Mwindaji aliyemtaka sululu aliangusha na vitwitwi waliokuwa kando yake, nao wote walikwenda sokoni, maana mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.

Hata kabla ya hapo mauaji yalikuwa makubwa. Audubon, yule mchora ndege mashuhuri, alikuwapo karibu na New Orleans mwezi wa Machi 1821, siku kundi kubwa la vitwitwi wa dhahabu lilipopita. Aliwahesabu wenye bunduki kuwa yapata 200, na kwa hesabu yake ndege 48,000 walikufa siku ile moja. Huko hapakuwa na haja ya ndege wa mti. Watu walipiga miluzi tu. Tena katika kisiwa cha Nantucket, tarehe 29 Agosti 1863, ndege walitua kwa wingi hata kulitia jua giza. Wakauawa kati ya 7,000 na 8,000, na mauaji yalikoma kwa sababu baruti na marisau yaliisha katika kisiwa.

Ndipo reli ilipofika pwani. Ndege aliyeuawa asubuhi aliweza kupelekwa Boston au New York akiwa mbichi, naye tajiri wa mjini alimla kama kitoweo cha anasa. Njiwa wa mwitu wa Marekani, waliokuwa hapo kwanza wakijaza masoko, walipungua sana baada ya mwaka 1870, na wa mwisho wao akafa kizimbani katika mji wa Cincinnati mwaka 1914. Walipopungua, wafanya biashara ya nyama waliwageukia ndege wa pwani. Mvuvi maskini akaona ya kuwa dazani ya vitwitwi yampa fedha taslimu kuliko kapu la samaki, akachonga ndege wengine. Hatuwezi kumlaumu yeye peke yake, na mlaji aliyekaa mezani mbali, asiyeshika bunduki wala kisu cha kuchongea, tukamwacha.

Katika ndege waliotafutwa sana alikuwamo mmoja aitwaye sululu wa Eskimo. Alikuwa mdogo kuliko sululu wetu, na mdomo wake umepinda kidogo tu. Alitaga kaskazini kabisa mwa Kanada. Mwisho wa kiangazi alikwenda Labrador akala matunda ya porini hata akanona mno. Kisha akaruka juu ya bahari kuu akaenda hata nyanda za Argentina. Dhoruba ikimkuta njiani, ilimsukuma pwani ya Massachusetts, na huko ndege wa mti walikuwa wakimngoja. Watu wa huko walimwita ndege wa kinyunga, kwa kuwa alikuwa na mafuta mengi hata akianguka toka juu kifua chake kilipasuka, na ndani kukaonekana kama unga uliokandwa.

Wakati wa masika alirudi kwa njia nyingine, akapita Texas na nyanda za kati za Marekani. Huko hapakuhitajiwa ujanja wowote. Watu wa Nebraska walimpiga wakajaza magari ya farasi. Chakula chake huko kilikuwa pamoja na mayai ya nzige. Sisi tulioona nzige wakila shamba zima kwa siku moja twafahamu thamani ya ndege wa namna hiyo. Lakini nyanda zile zililimwa, na nzige wale wa milima ya magharibi wakatoweka nao. Wa mwisho walionekana mwaka 1902. Basi sululu yule alipigwa akienda, akapigwa akirudi, na chakula chake cha njiani kikaondolewa. Kufikia mwaka 1900 alikuwa haba sana.

Serikali ziliamka polepole. Mwaka 1900 ilitoka sheria ya kukataza kusafirisha toka jimbo hata jimbo nyama ya mwitu iliyouawa kinyume cha sheria. Mwaka 1913 ikatoka nyingine, watu wakaipinga wakisema kwamba ndege ni mali ya kila jimbo. Ndipo mwezi wa Agosti 1916 Marekani ilipofanya mapatano na Uingereza kwa ajili ya Kanada, kwa kuwa ndege hawajui mipaka. Na sheria ya mwaka 1918 ikayatia nguvu mapatano hayo, ikakataza kuuza ndege hao. Jimbo la Missouri lilishitaki, likashindwa katika mahakama kuu mwaka 1920. Ndege wengi wa pwani walikatazwa kuwindwa mara moja. Wachache, kama kitwitwi wa dhahabu na yule wa kijivu, waliachwa bado. Nao wakakingwa kabla miaka ya 1920 haijaisha.

Basi ndege wa mti wakawa hawana kazi. Wale wa bata waliendelea kutumika, maana bata bado huwindwa. Lakini wale wa pwani walitiwa makapuni, wakawekwa darini na katika vibanda vya mashua. Wengine walipewa watoto wachezee, wengine wakatiwa jikoni kama kuni.

Mwaka ule ule wa 1918 mtu mmoja wa New York, jina lake Joel Barber, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba, alipata bata mmoja wa mti, akamtazama kwa makini, akaona kwamba kazi ile ni ya ufundi. Akaanza kuwakusanya. Mwaka 1923 yalifanyika maonyesho ya kwanza ya ndege hao huko Bellport, katika kisiwa cha Long Island, na mwaka 1934 Barber akatoa kitabu chake juu yao. Alivyovikusanya vimo leo katika nyumba ya makumbusho ya Shelburne, katika jimbo la Vermont. Watu waliokuwa na makapu darini wakashangaa kuulizwa habari zake.

Mchongaji ambaye jina lake limevuma kuliko wote ni Anthony Elmer Crowell wa East Harwich, katika rasi ya Cape Cod, aliyezaliwa mwaka 1862 akafa mwaka 1952. Alikuwa mwindaji tangu ujana, akawa mwangalizi wa kambi ya wawindaji matajiri, na toka mwaka 1912 akashika kazi ya kuchonga tu. Ndege wake wa pwani wamegeuza shingo, wengine wanajichokoa manyoya, na rangi zao zimeingiana kama katika ndege aliye hai. Sheria ilipokataza uwindaji, Crowell hakukosa kazi. Alichonga ndege wadogo wa kuwekwa juu ya meza, watu wakawanunua kwa uzuri wao. Mwaka 2007 ndege wake wawili, bata mmoja na bukini mmoja, waliuzwa kila mmoja kwa dola milioni moja na laki moja na zaidi. Alipowachonga waliuzwa kwa fedha kidogo tu.

Penye fedha nyingi jina la fundi huwa na bei. Katika Long Island walipatikana ndege kadha wa pwani wazuri mno, ambao wengine huwahesabu kuwa ndio bora katika nchi nzima: sululu na vitwitwi waliochongwa mapaja na kope, vifua vyao vimejaa, kila mmoja amesimama kwa namna yake. Hawakuwa na alama ya fundi. Wakusanyaji wa kwanza walisema kwamba ni kazi ya William Bowman, Mzungu aliyesemekana alikuja toka jimbo la Maine kila kiangazi kuwinda. Jina hilo liliandikwa vitabuni, likarudiwa minadani miaka mingi.

Baadaye wakatokea wachunguzi waliosema si hivyo. Walifuata ndege wale nyumba kwa nyumba walikotoka, wakasikiliza watu wa mahali pale, wakasema kwamba mchongaji alikuwa Charles Sumner Bunn, aliyezaliwa mwaka 1865 akafa mwaka 1952, mtu wa makabila ya Shinnecock na Montaukett, wenyeji wa asili wa kisiwa kile, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaongoza wawindaji matajiri. Wengine wamekubali, wengine wangali wakishindana, na bei za minadani zimo ndani ya mashindano hayo. Sisi hatukuwashika ndege wale mikononi, wala hatujifanyi waamuzi. Ila twaona si ajabu kwamba mwenyeji aliyejua kila kijito cha nchi yake, aliyekaa na ndege hao toka utoto, aliweza kuwachonga vizuri kuliko mgeni wa kiangazi. Na twaona ajabu kwamba ilichukua muda mrefu hivyo hata mtu akauliza.

Kuhusu sululu wa Eskimo, wengi walidhani ameisha kabisa. Kisha mwaka 1962 mmoja alionekana katika kisiwa cha Galveston, Texas, akapigwa picha. Mwaka wa pili, mwezi wa Septemba 1963, mwindaji mmoja katika kisiwa cha Barbados alipiga ndege mmoja, na waliojua ndege walipomtazama wakaona ndiye. Toka siku ile hakuna mwingine aliyethibitishwa, mzima wala mfu.

Wale waliochongwa kwa mfano wake wapo wachache, katika nyumba za makumbusho na za watu binafsi. Mdomo wao umepinda kidogo tu, kama ipasavyo, na kifua kina rangi ya mdalasini. Waliowachonga walikuwa wamemshika mkononi. Na katika ndege hao wa zamani kwa jumla, mtu akiwapindua hukuta tumboni tundu la kijiti, na mbavuni matundu madogo madogo ya marisau, maana walio hai walitua katikati yao, na mwindaji alipopiga hakuweza kuwatenga.